Kuni za Shemeji

Watu wakiniuliza ilikuwaje nikapunguza moshi kwenye tanuri langu la mikate, wanategemea niwaambie habari za mvua zilizobadilika na dunia tutakayowaachia wajukuu. Mimi sina wajukuu. Nilipunguza moshi ili kumkomoa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na kama kungekuwa na njia nyingine rahisi zaidi ya kumkomoa ningeifuata hiyo, hata kama ingetoa moshi wa kuonekana ng'ambo ya ziwa.

Nilizaliwa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikaolewa huku juu milimani, kwa Wamatengo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mbinga mjini. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Mwaka tuliooana alinijengea tanuri nyuma ya soko la mjini, na mvua za kwanza zilipoanza tukapanda miti kwenye mteremko aliokatiwa na baba yake: migrevilea juu, misindano katikati. Chini, kando ya kijito, tuliiacha mikuyu iliyokuwapo. Miche niliibeba mimi, kichwani, kwenye beseni. Hatukujaliwa mtoto, na watu wa ukoo walilisema hilo kwanza kwa kunong'ona, baadaye bila kunong'ona. Sisi tuliendelea kupogolea miti yetu. Matawi yalikuwa ya tanuri, shina hatukuligusa.

Alipofariki, tukaanua matanga, na wiki iliyofuata ikaitishwa sengu. Kwa asiyejua, sengu ya Wamatengo ni kikao na ni mlo: wanaume wa ukoo wanakusanyika kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chakula chake, wanakula pamoja na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapohapo. Kilichokubaliwa sengu hakirudiwi. Anayekigeuza baadaye anakosa pa kukaa siku nyingine wakila. Mimi siku ile nilipeleka maharage. Nilikuwa bado nimeshika sufuria mlangoni niliposikia shemeji anasema shamba la miti linarudi kwenye ukoo, yaani kwake.

"Shemeji yetu ana tanuri lake mjini," alisema. "Linamtosha. Na likimshinda, kwao ziwani muhogo haujaisha."

Wakacheka. Kwa watu wa milimani, kula ugali wa muhogo ni jambo la kumcheka mtu. Wakacheka huku wanakula maharage yangu.

Walikuwapo walioniambia niende barazani nikadai haki. Sikuwa na karatasi, sikuwa na mtoto, na shahidi pekee aliyetuona tunapanda alikuwa mama mkwe, ambaye alikuwa mama yao wote wawili. Sikutaka kumsimamisha mbele ya watu achague kati ya mwanawe mzima na mwanawe aliye kaburini. Nilirudi mjini nikaoka mikate.

Haukupita mwezi shemeji akaanza kukata. Hakuwa na haja ya mbao wala ya shamba la kahawa pale. Aliona tu kwamba Mbinga nzima inapika kwa kuni, na yeye ana mteremko mzima wa kuni usiomgharimu jasho. Alianza na migrevilea ya juu. Lori dogo la kukodi lilipita mtaani likigawa mizigo kwa wenye migahawa, kwa akina mama wanaopika pombe ya mahindi, kwa wachoma matofali. Likasimama kwangu pia. Nilikuwa nimeishiwa, unga umeshaumuka, mikate ya asubuhi inasubiriwa na shule mbili. Nikanunua.

Nilipokuwa nasukuma kuni ndani ya tanuri, nikaona kipande chenye kovu la waya lililozunguka gome. Mume wangu alikuwa na redio ya kubeba, na pale shambani waya wake wa kunasa mawimbi aliufunga kwenye mti mmoja, kila wakati mti uleule, mpaka gome likaumeza. Nilikishika kile kipande. Unga ulikuwa unamwagika kingo za makopo. Nikakitia motoni. Mikate ya siku ile ilitoka vizuri, na hiyo ndiyo iliyonitia hasira kuliko yote.

Kesho yake shemeji akapita mwenyewe. Ni mkubwa kwangu, na mimi nimelelewa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kuni zinawaka?"

"Zinawaka vizuri."

"Zikiisha usione haya kuja. Kila mwenye moto mji huu siku hizi anakuja kwangu."

Akaondoka amejaa majivuno. Hakujua amenionyesha mahali pa kumpiga. Kila mwenye moto: basi kila mwenye moto nitamfikia kabla msumeno haujafika kwenye misindano. Sikuwa na njia ya kumnyang'anya miti. Lakini ningeweza kuifanya isiwe na mnunuzi, na mti usio na mnunuzi unabaki umesimama. Nilitaka pia, nisiwe mnafiki, kumwona amesimama barabarani na lori la kuni asijue alipeleke wapi.

Mwezi uleule wafanyabiashara wadogo tuliitwa semina ukumbini. Mtaalamu mmoja kijana, mwenye sauti nzuri, alitueleza habari za hewa ukaa: kwamba moshi wa matanuri, wa majenereta na wa vyombo vya usafiri unapanda na kuipasha dunia joto, na kwamba hata biashara ndogo kama zetu, zikijumlishwa, si ndogo. Wengi walikuwa wanasubiri soda. Akasema, tanuri likijengwa vizuri linaweza kuoka mikate ileile kwa nusu ya kuni. Nilikaa wima. Yeye alikuwa anaiona dunia inapumua. Mimi nilikuwa namwona shemeji anakosa nusu ya wateja. Nilinyoosha mkono nikauliza maswali mpaka soda zikapata joto, na mwisho akanisifu mbele ya ukumbi kwa moyo wangu wa kupenda mazingira.

Nikavunja tanuri nikajenga jingine, nene zaidi. Halikusaidia sana. Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Alikuja mjini kliniki, akaketi kwenye benchi langu, akaweka kiganja kwenye ukuta wa tanuri akakitoa haraka.

"Mbona nje kuna moto kuliko ndani?" aliuliza.

"Ndivyo matanuri yalivyo, mama."

"Hapana. Sisi majani ya shambani hatuyachomi, tunayafukia, nguvu ibaki mlemle. Wewe moto wako umeuacha uchi."

Alikuwa anasema habari za ngoro, kilimo cha kwao cha miteremko. Majani yanafyekwa, wanaume wanayalaza kwa mistari inayokatana, wanawake wanayafunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji. Nimelima ngoro miaka yote ya ndoa yangu na sikuwahi kufikiria tanuri. Mama mkwe hakusema kwa nini ananisaidia. Sikumuuliza. Alipomaliza chai akataka apelekwe stendi.

Nyuma ya banda langu kuna ukingo wa udongo mwekundu. Nikachimba humo, nikajenga tanuri ndani ya kilima, nikalifunika kwa majivu, kisha udongo, kisha majani makavu, kisha udongo tena, likabaki mdomo tu na bomba la moshi. Mlango nikautengenezea bati mara mbili, katikati majivu. Moto mmoja wa alfajiri ukaanza kuoka mikate, baada ya mikate skonzi, baada ya skonzi keki, na mchana lilikuwa bado na joto la kukaanga karanga. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa na moto wake.

Lakini hizo zilikuwa bado kuni, na kuni zilikuwa bado zake. Nilizitaka zisiwepo kabisa. Kahawa ya huku inapokobolewa hubaki maganda makavu, malundo kwa malundo, na kwenye kiwanda kimoja walikuwa wanayachoma moto uani ili kupata nafasi. Niliomba, wakanipa, wakaniona wa ajabu. Ukiyatia maganda matupu motoni yanatoa moshi mzito na kuzimika, kwa hiyo inabidi yafinyangwe mabonge. Nilijaribu kwa uji wa mahindi. Mabonge yakavunjika, moto ukafa katikati ya kazi, mikate ikatoka mibichi, nikarudishiwa. Shemeji akatuma salamu kupitia kwa muuza nyanya: anasikia mikate yangu siku hizi inavutika kama mpira.

Nililia, si kwa huzuni. Halafu nikakumbuka gundi tuliyokuwa tunabandikia tiara utotoni, uji mzito wa muhogo. Nilishuka Kihagara nikapanda na magunia mawili ya unga. Mabonge ya uji wa muhogo yalikauka magumu kama mawe, yakawaka polepole bila kelele, na mabonge ya kesho yalikaukia juu ya joto la leo. Siku ya kwanza tanuri lilipooka lote bila kipande kimoja cha mti, nilimtumia shemeji mkate wa moto, umefungwa kwenye kitambaa safi. Mwambieni, nikasema, ni wa muhogo wa ziwani.

Baada ya hapo nikawa naona moshi kila mahali alipo yeye. Jenereta la kuzungushia mashine ya kukandia nililizima kwa sababu dizeli nilikuwa nanunua kwa binamu yake. Nikahamishia kazi ya kukanda kwenye saa ambazo umeme haukatiki, na ukikatika tunakanda kwa mikono. Bodaboda aliyezungusha mikate mara tano kwa siku alikuwa mkwe wake. Nikanunua baiskeli yenye tenga, nikapanga njia moja inayopita kwa wateja wote. Yule mtaalamu angeona angesema nimefuata somo lake hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nafuata ukoo.

Kisha nikaanza kufundisha. Sikutoza mtu. Akina mama wa pombe niliwajengea meko yaliyozikwa, sufuria inaingia mpaka shingoni, wakapika pombe ileile kwa mabonge na vijiti vichache. Wenye migahawa walikuja wenyewe walipoona jirani zao macho hayawawashi. Mchoma matofali wa njia ya Namswea alikuwa mbishi; nilimshinda siku nilipomwonyesha kuchanganya maganda ndani ya udongo wenyewe, tofali likaiva likisaidiwa na kilicho tumboni mwake. Kijiji cha Mapera nilikwenda mara tatu, baada ya misa, nikiwa na tanuri dogo la mfano kwenye beseni. Wanawake wa pale waliniita mwalimu. Hakuna aliyeniuliza mwalimu ana shida gani.

Shemeji naye si mjinga. Mjini palipokuwa pagumu akaanza kushusha kuni ziwani, kwa wabanika samaki. Hapo alinifuata nyumbani kwetu. Nilipanda gari la asubuhi mpaka Kihagara, nikakaa na shangazi zangu siku nne. Wao walikuwa wanabanika mbasa kwenye chanja moja juu ya moto wazi, nusu ya moshi inakwenda machoni na nusu kwa Mungu. Tulijenga sanduku la tope lenye chanja tano, moja juu ya nyingine, moto mdogo chini, na chanja zinabadilishana nafasi. Usipa, wale dagaa wa ziwa letu, hawakuhitaji moto kabisa, ni jua tu na wavu ulioinuliwa juu ya mchanga. Shangazi mkubwa aliniangalia nikikanda tope.

"Wewe mtoto," alisema, "mbona unafanya kazi kama unamchapa mtu?"

"Namchapa, shangazi."

"Basi chapa vizuri, huu ukuta umepinda."

Lori la tatu la shemeji lilikaa ufukweni siku mbili likarudi limejaa. Nilisikia habari hizo nikiwa tanurini na nikala skonzi mbili, moja kwa kila siku. Milimani msumeno ulinyamaza. Migrevilea ilikuwa imeisha, lakini alikuwa ameingia safu nne tu za misindano. Mizigo yake ilirundikwa kando ya barabara, ikanyeshewa, ikaota uyoga. Nikipita na baiskeli nilikuwa napunguza mwendo kwa makusudi. Shikamoo shemeji. Marahaba. Habari za kazi? Alikuwa analijibu hilo huku anaangalia pembeni.

Nikadhani nimemaliza. Ndipo muuza nyanya akaniambia shemeji anatafuta mtu wa mbao, mgeni mwenye lori kubwa, anunue misindano yote mara moja. Sikulala vizuri kwa wiki. Mbao haziokwi kwenye tanuri. Sikuwa na maganda ya kumshinda mtu wa mbao.

Wilayani kulikuwa na mpango wa kuteua mashamba ya miti ya mfano. Mwenye shamba anaweka ahadi ya kutokata kwa miaka kumi na tano, miti ishike hewa ukaa na kijito kisikauke, naye anapewa cheti, anapewa bango, anaalikwa kwenye vikao. Nilikwenda kwa afisa misitu nikasema ninamjua mzee mmoja anayeipenda miti kupita kiasi. Misitu ya majirani imekwisha, nikasema, yake imesimama. Haukuwa uongo. Afisa akaja, akaona misindano, akaona mikuyu na kijito, akafurahi. Shemeji alipoambiwa ameteuliwa, alivimba kwa raha. Mtu aliyechekwa mwaka mzima kwa kuni zilizoota uyoga hakuuliza nani kampendekeza.

Angeweza kusaini ofisini. Lakini karatasi ya ofisini angeisahau siku ya pili. Kuna wengi wamesaini na wamekata. Nilimwambia afisa kwamba kwa Wamatengo heshima kubwa ni kufanya jambo kama hilo mbele ya sengu, mzee atajisikia vizuri zaidi. Hilo nalo halikuwa uongo. Nilijitolea kuoka mikate.

Ilikuwa mchana wa Jumapili. Wanaume wa ukoo wote walikuwapo, mama mkwe amekalishwa kwenye kiti cha mgongo. Afisa alisoma ahadi yote, taratibu, bila kuficha neno: hakuna mti utakaokatwa na yeye wala na mtu mwingine, na njia ya moto, ukanda mtupu wa kuzuia moto usiingie shambani, italimwa kila mwaka. Shemeji akainuka na suti yake, akasema kwa sauti anakubali, kwamba miti hii ni maisha, kwamba yeye si kama wengine wanaotazama tumbo. Wakampigia makofi. Akasaini. Kisha akaketi, akamega mkate wangu, akala na ukoo wake, nami nilimwangalia mpaka akameza.

Mtu wa mbao alifika wiki ya tatu, na lori refu. Shemeji akampeleka shambani. Wazee wawili wa ukoo waliwakuta huko. Hawakumgombeza, walimuuliza tu kama yeye ndiye aliyesema maneno yale walipokuwa wanakula, au alikuwa mwingine. Lori likageuka tupu.

Siku hiyohiyo alasiri alikuja kwangu. Hakungoja shikamoo.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Miaka kumi na tano, shemeji. Mimi nitakuwa mzee wa kukokotwa. Nitalima njia ya moto kwa miti nisiyoweza hata kuikata mpini wa jembe."

"Ndiyo. Kila mwaka, mwezi wa sita, kabla majani hayajakauka sana. Ukianza upande wa kijito utachoka kidogo."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo kwa miezi. Yalikuwa matamu kama nilivyotarajia, na nilimtazama anavyoyapokea, mdomo unamchezacheza. Kisha uso wake ukatulia. Akachukua skonzi kwenye sinia langu bila kuuliza.

"Bango wameliweka leo," alisema. "Umeliona?"

Sikuwa nimeliona. Nilikwenda asubuhi yake. Limesimamishwa palepale njia inapoingia shambani, la chuma, rangi ya kijani, maandishi meupe. Shamba la Miti la Mfano. Limepandwa na kutunzwa na, na chini yake majina ya shemeji, yote matatu, kwa herufi kubwa. Siwezi kumlaumu afisa. Kwenye fomu kulikuwa na swali, nani alipanda miti hii, na aliyejaza fomu ni mimi. Nilikuwa nimekaa na kalamu muda mrefu. Ningeandika ukweli, shemeji angeshtuka, mambo yangeharibika, na misindano ingekuwa mbao. Nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikasema hili nitalishughulikia baadaye.

Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata. Watoto wa shule sasa wanaletwa pale kwa ziara, wanasomewa bango, wanaandika kwenye madaftari, na shemeji amejifunza kuwaeleza jinsi alivyobeba miche. Anasema aliibeba kwenye beseni. Misindano imekuwa mirefu, ukiwa barabarani unaisikia. Hakuna aliyebaki, zaidi yake na yangu, anayejua ni mikono ya nani iliyoipanda, na yeye ameanza kuamini maneno yake.

Kwa hiyo naandika. Tuliipanda sisi wawili, mimi na mume wangu, yeye akichimba na mimi nikishindilia udongo kwa kisigino, mvua za kwanza baada ya kuoana. Humu sikumtaja shemeji kwa jina hata mara moja. Anayelitaka aende akalisome kwenye bango.